Thor: Love and Thunder: Mashabiki wanalaumu vichekesho, kosa liko kwenye muda

Filamu nne za Thor, mungu wa radi wa Marvel, zimetoka tangu 2011, na hakuna iliyowagombanisha mashabiki kama hii ya nne. Iliingia kumbini Julai 2022, ikiongozwa na Taika Waititi, mtu yuleyule aliyemfufua Thor mwaka 2017 kwa Ragnarok. Waliomsifu mwaka ule ndio hao hao waliomgeuka miaka mitano baadaye. Ukiyakusanya malalamiko yao, mengi yanaishia pamoja: vichekesho vimezidi. Ni kweli vimezidi. Lakini ukiitazama kwa makini, huku unavijua vitabu vya katuni vilivyoizaa na zile Edda, maandiko ya kale ya Iceland ambamo Thor mwenyewe anaishi, utaona ugonjwa uko kwingine. Tena baadhi ya vitu vinavyotukanwa sana ndivyo vilivyo karibu zaidi na visasili vya Skandinavia.

Tuanze na hesabu, maana nazo zinasema. Filamu iligharimu dola milioni 250 na kuingiza takriban milioni 760 duniani kote. Ragnarok iligharimu milioni 180 ikaingiza kama milioni 855. Wikiendi ya kwanza nchini Marekani, Love and Thunder ilivuna karibu milioni 144, kuliko Thor yoyote iliyotangulia. Wikiendi ya pili mapato yakashuka kwa takriban theluthi mbili. Filamu ikianza kwa kishindo halafu ikaanguka hivyo, maana yake watu walikuwa na hamu nayo kweli, ila walioiona mapema hawakuwahimiza wenzao. CinemaScore, kampuni inayowauliza watazamaji wa Marekani mlangoni usiku wa kwanza, ilirudi na alama ya B+. Ragnarok ilipata A. Hata The Dark World ya 2013, ambayo mashabiki wengi huiweka mkiani, ilipata A-. Kwa filamu ya kawaida B+ si aibu, lakini kwa Marvel ya miaka ile, ambayo ilizoea kupewa A, ni ishara kwamba hata wale wapenzi sugu wanaojipanga foleni siku ya kwanza walitoka wamegawanyika.

Kwa ambaye hajaiona, hadithi iko hivi. Gorr, anayeigizwa na Christian Bale, anampoteza bintiye jangwani huku akimwomba mungu wake maji. Baadaye anamkuta mungu huyo, Rapu, amejipumzisha kwenye bustani yenye maji na matunda tele, na Rapu anamcheka. Upanga uitwao Necrosword unamwita Gorr, anamuua Rapu hapo hapo na kuapa kuimaliza miungu yote. Upande mwingine yupo Jane Foster (Natalie Portman), mwanasayansi aliyekuwa mpenzi wa Thor, mwenye saratani ya hatua ya nne. Mjolnir, nyundo ya zamani ya Thor iliyovunjwa na Hela, adui wa Ragnarok, inaunganika tena na kumfanya Jane naye awe Thor. Tatizo ni kwamba kila anapoishika inamnyonya nguvu za mwili ambazo angezitumia kupambana na ugonjwa. Gorr anawateka watoto wa New Asgard, mji wa hapa duniani walikohamia watu wa Thor baada ya Asgard kuteketea, ili Thor amfuate akiwa na shoka lake, Stormbreaker, kwa kuwa shoka hilo ndilo ufunguo wa kumfikia Eternity, anayemtimizia ombi moja yule wa kwanza kufika mbele yake.

Hizo ni filamu mbili zilizoshonwa pamoja, na mshika mawili moja humponyoka.

Pale muda ulipokosekana

Hadithi zote mbili ziliandikwa na Jason Aaron kwenye vitabu vya katuni vya Marvel. Ya Gorr ilianza mwishoni mwa 2012, ikichorwa na Esad Ribić, na ilichukua matoleo 11. Ya Jane ilianza 2014 na kuendelea hadi 2018. Msomaji wa Gorr alipata nafasi ya kumwogopa: Thor anapambana naye katika zama tatu, akiwa kijana wa enzi za Waviking, akiwa mtu mzima wa leo, na akiwa mfalme mzee mwenye jicho moja, peke yake katika Asgard iliyokufa. Kabla hujamwona Gorr sawasawa, umeshaziona kazi za mikono yake. Katika hadithi ya Jane, msomaji alikaa miezi mingi bila kujua ni nani yule mwanamke aliyeibeba nyundo. Jina lilifichuliwa kwenye toleo la nane, na papo hapo uchungu ukaingia, kwa sababu ilibainika kwamba kila anapogeuka kuwa Thor, dawa za saratani zinatoka mwilini kana kwamba ni sumu.

Filamu imezibeba zote mbili kwa muda usiofika saa 2 kamili. Ragnarok, yenye adui mkuu mmoja na safari moja, ilipewa dakika 130. Hapo ndipo mashabiki wa vitabu walipoumia, na wana haki. Huyu ni muuaji wa miungu, lakini mungu ambaye tunashuhudia akiuawa kwa upanga wake ni Rapu tu, dakika za mwanzo kabisa. Waliobaki tunaonyeshwa maiti, kama yule Falligar mkubwa mithili ya mlima aliyelala kwenye theluji, au tunasimuliwa. Bale anaigiza kwa kiwango ambacho Marvel hawakipati mara kwa mara: ananong'ona, anacheka na watoto waliofungwa, anabadilika ghafla. Kila anapoondoka unataka arudi, na anakaa sana bila kurudi. Jane naye siri yake inafichuliwa mapema mno. Ugonjwa wake tunauona kwa haraka, kisha tunarukia nyundo, na ile safari ya kati, mtu aliyelala na dripu mkononi anafikaje kwenye uamuzi wa kwenda kuutafuta uchawi wa Asgard, inapita kama taarifa.

Inasemekana toleo la kwanza kuhaririwa lilikuwa la karibu saa nne. Peter Dinklage, Jeff Goldblum na Lena Headey walirekodi sehemu zao na hakuna hata mmoja aliyebaki kwenye filamu. Mashabiki wamedai mara nyingi toleo refu litolewe, naye mwongozaji ameonyesha wazi kwamba hana hamu ya matoleo ya namna hiyo. Hatudhani kwamba saa nne zingesaidia. Dakika 20 tu, kumi za Gorr akiwinda na kumi za Jane akiwa hospitalini bila mzaha, zingeibadilisha hukumu ya wengi. Zingepatikana bila kuirefusha filamu hata kidogo, kwa kupunguza michezo ya jukwaani ya New Asgard na ziara ndefu ya mwanzoni kwenye sayari ya Indigarr.

Kichekesho kinachokuja kabla na kinachokuja baada

Sasa twende kwenye lile lalamiko kubwa. Ragnarok nayo imejaa vichekesho mwanzo hadi mwisho, mbona ile ilipendwa? Jibu linaonekana ukizilinganisha sehemu mbili tu.

Katika Ragnarok, Thor ananing'inia kwenye mnyororo mbele ya Surtur, jitu la moto. Surtur anatangaza mwisho wa Asgard, na mnyororo unamzungusha Thor taratibu hadi anampa mgongo, naye anaomba asubiriwe kidogo hadi azunguke tena. Watu wanacheka, halafu nyundo inafika na vita vinaanza. Kichekesho kimekuja kabla ya pigo. Kimemtoa Thor kwenye kiburi chake, kimeshusha pumzi za mtazamaji, na pigo linapokuja linamkuta amelegea.

Katika Love and Thunder mara nyingi mpangilio umegeuzwa. Pigo linakuja, kisha mzaha unalifunika kabla halijauma. Watoto wametekwa usiku, wazazi wamekusanyika wakilia, na hapo hapo mazungumzo yanahamia kwenye mtoto wa Heimdall, aliyekuwa mlinzi wa lango la Asgard, anayekataa kuitwa Astrid na kutaka kuitwa Axl. Sif, mpiganaji rafiki wa Thor, anakutwa amekatwa mkono katikati ya maiti, na mazungumzo yanayofuata ni ya kuchekesha. Jane anasikia matokeo ya vipimo, na rafiki yake Darcy analeta utani. Mmoja mmoja hayana ubaya, na watu walio kwenye msiba kweli hutaniana. Yakifuatana mfululizo, mtazamaji anajifunza kwamba hakuna jambo litakaloachwa limwume, kwa hiyo anaacha kuogopa. Ikifika saa ambapo Jane anakufa mikononi mwa Thor, Portman na Chris Hemsworth, anayemwigiza Thor, wanajitahidi sana, lakini sehemu kubwa ya ukumbi imeshazoea kusubiri mzaha unaofuata.

Chembe za tabia hii zilikuwemo hata 2017. Mashabiki wa zamani bado wana kinyongo na namna Volstagg na Fandral, marafiki wa Thor tangu filamu ya kwanza, walivyouawa na Hela kwa sekunde chache bila hata neno la kuaga, na Thor mwenyewe hawaulizii. Na Asgard inapoteketea, Korg, rafiki wa Thor mwenye mwili wa mawe, anatoa maneno ya faraja kuhusu misingi iliyobaki, na papo hapo misingi nayo inalipuka. Wengi walisamehe kwa sababu mengine yote yalikwenda vizuri. Mwaka 2022 deni hilo likadaiwa.

Hemsworth mwenyewe hakujificha. Mwaka 2023 alieleza kwamba marafiki wa mwanawe, watoto wa miaka minane, walimkosoa: vichekesho vingi mno, mapigano mazuri, picha za kompyuta si nzuri kama zamani. Mwaka uliofuata akasema alijiachia kwenye mizaha ya papo kwa papo hadi mhusika wake akawa kama anajiigiza mwenyewe kwa dhihaka. Ukisoma maoni ya mashabiki ya wiki ile ya kwanza, utaona wale watoto walifupisha vizuri kuliko wachambuzi wengi.

Si kila kichekesho kinastahili lawama. Ule wivu wa Stormbreaker ni kazi nzuri ya kamera: Thor anaitazama nyundo yake ya zamani kwa mapenzi, na shoka linajisogeza polepole pembeni ya picha, bila sauti, bila mtu kulisema. Hapo hakuna uchungu uliofunikwa, na tena linatayarisha jambo kubwa zaidi, yaani Thor kushindwa kuachia yaliyopita.

Mbuzi, Zeus na Valhalla

Wale mbuzi wawili wanaopiga kelele wamewakera watu kiasi kwamba wengine wanawataja kama uthibitisho kwamba Waititi haheshimu asili ya Thor. Hapa mashabiki wamekosea njia. Thor wa Edda anasafiri kwa gari linalokokotwa na mbuzi wawili, Tanngrisnir na Tanngnjóstr, na Marvel nao wamekuwa nao kwenye vitabu kwa miaka mingi. Snorri Sturluson, aliyeandika Edda yake Iceland mwanzoni mwa karne ya 13, anasimulia kwamba Thor alilala kwa mkulima, akawachinja mbuzi wake, wakapikwa wakaliwa. Aliagiza mifupa irudishwe juu ya ngozi bila kuvunjwa. Thjalfi, kijana wa mkulima, akapasua mfupa wa paja ili anyonye uboho. Asubuhi Thor akainua nyundo akawabariki, mbuzi wakainuka hai, lakini mmoja anachechemea mguu wa nyuma. Thor alikasirika hadi vifundo vya vidole vikawa vyeupe kwa kuibana nyundo, na akamchukua Thjalfi pamoja na dada yake Röskva kuwa watumishi wake.

Thor wa kale, basi, ni huyu: mlafi, mwenye hasira za karibu, wa kuogopwa na wa kuchekesha kwa pamoja. Kuna hata shairi ambamo nyundo yake inaibwa na jitu Thrym, naye analazimika kuvalishwa shela aende kama bibi harusi, akijifanya mungu wa kike Freyja, ili airudishe, na karamuni anakula ng'ombe mzima na samaki wanane. Anayesema Thor wa kuchekesha si Thor wa kweli hajakutana na shairi hilo. Kosa la mbuzi kwenye filamu ni jingine: ukelele ni uleule, unarudiwa kila wanapoonekana, na hawapewi kazi zaidi ya kuvuta mashua. Mfupa mmoja tu uliovunjika ungewapa hadithi.

Kuhusu uaminifu kwa visasili, mashabiki wapya wanapaswa kujua kwamba Marvel haijawahi kuahidi. Stan Lee, Larry Lieber na Jack Kirby walipomleta Thor mwaka 1962, sharti la kustahili kuinua nyundo lilikuwa lao. Kwenye Edda nyundo inahitaji mkanda wa nguvu na glavu za chuma, na mpini wake ni mfupi kwa sababu Loki alijigeuza nzi akamsumbua fundi kazini. Loki ni ndugu wa damu wa Odin, baba wa Thor, kwa kiapo, si ndugu wa Thor kama kwenye filamu. Hel ni binti wa Loki, ilhali Hela wa filamu ni binti wa Odin. Sif, yule aliyekutwa amekatwa mkono, kwenye Edda ndiye mke wa Thor. Ukilinganisha kwa kigezo hicho, filamu zote nne zinaanguka, hata ile ya kwanza iliyoongozwa na Kenneth Branagh ambayo wengi huiita ya heshima.

Zeus wa Russell Crowe amewaudhi wapenzi wa visasili vya Ugiriki: mnene, mwenye mbwembwe, anayejali karamu kuliko miungu wenzake wanaouawa. Sehemu hiyo inafanya kazi muhimu kuliko inavyopewa sifa, kwa sababu inamthibitisha Gorr. Thor anakwenda kwenye mji ambako miungu wote wamekusanyika, hata Bast wa Wakanda yumo, anaomba jeshi, na wanamkatalia waendelee kujificha. Kwa dakika chache filamu inauliza swali zito: kama miungu ni hii, Gorr amekosea wapi? Halafu inaliacha. Hadi mwisho Thor hamjibu Gorr hoja yake, anamwonyesha tu kwamba yeye anachagua kukaa na Jane katika dakika zake za mwisho. Kama tendo la upendo, hilo linatosha, na Gorr anabadili ombi lake kwa sababu hiyo, anaomba bintiye arudi badala ya miungu kufa. Kama jibu kwa mtu aliyemzika mtoto jangwani huku mungu wake anakula matunda, ni pungufu. Hilo ndilo pengo kubwa la filamu hii, na cha kusikitisha ni kwamba mashabiki wamelizungumza kidogo kuliko mbuzi.

Kuna jambo dogo la kuangaliwa kwa ukaribu, maana ndilo lililosukwa vizuri kuliko yote. Sif, akiwa na jeraha lake, anataka aachwe afe ili aingie Valhalla, makao ya mashujaa waliokufa. Thor anamkumbusha kwamba ili uingie lazima ufie vitani, na yeye vita vimeshakwisha naye bado yu hai, labda mkono wake ndio umetangulia. Watu wanacheka na kusahau. Saa moja na zaidi baadaye, Jane, ambaye saratani ingemmaliza kitandani, anaamua kuichukua nyundo mara ya mwisho na kuingia kwenye pambano. Katika imani za kale, waliokufa kwa ugonjwa au uzee walikwenda kwa Hel, na waliouawa vitani ndio waliogawanywa kati ya Odin na Freyja. Uamuzi wa Jane, kwa sheria ile ile iliyotolewa kama utani, unambadilishia mlango. Ndiyo maana Heimdall (Idris Elba) anampokea. Kichekesho kile kilikuwa kabla ya pigo, na kilikuwa na kazi. Ungetamani vingine vingepewa malezi hayo hayo.

Picha za kompyuta

Lawama za picha ni za haki kwa sehemu. Kile kichwa cha Axl kinachoelea hewani akizungumza na Thor kinaonekana kimebandikwa: mwanga wa usoni haukubaliani na wa chumba, na kingo zake ni kavu. Sehemu kadhaa za mchana pia zinabana, kwa sababu sehemu ya filamu ilipigwa Sydney ndani ya studio yenye kuta za skrini kubwa za kidijitali. Teknolojia hiyo inafaa pale mwanga unapokuwa laini, wa jioni au wa ndani. Ukiiwekea jua kali na nafasi pana, macho yanahisi kwamba waigizaji wamesimama chumbani. Mambo yalichafuka zaidi pale Waititi na Tessa Thompson, anayemwigiza Valkyrie, walipoonekana kwenye video wakicheka kama picha mojawapo inaonekana halisi. Mafundi wa picha za kompyuta walikuwa tayari wanalalamika hadharani majira yale kuhusu mzigo wa kazi za Marvel na muda mfupi, na mashabiki wengi wakasimama upande wao.

Upande wa pili wa mizani kuna pambano la Shadow Realm, makao ya kivuli ya Gorr, na hapo hata wanaoichukia filamu hutulia. Rangi zote zinatoweka. Sayari ni ndogo kiasi kwamba upeo wa macho umepinda, kila kitu ni cheusi na cheupe, na rangi inarudi pale tu silaha inapowaka: mwanga wa samawati wa nyundo, dhahabu ya radi ya Zeus. Gorr anawaweka chini ya ulinzi na kuwachokonoa mmoja mmoja, Valkyrie, shujaa wa kike anayeitawala New Asgard, kwa dada zake waliokufa, Jane kwa ugonjwa wake. Hapo hakuna mzaha, na filamu nzima inanyooka. Nyundo ya Jane nayo ina ubunifu wa pekee: kwa kuwa ilivunjika, sasa inatawanyika vipande, kila kipande kinampiga adui wake, kisha vyote vinarudi na kujifunga. Portman alifanya mazoezi ya uzito kwa miezi kumi kwa ajili ya mikono ile, na kwa kuwa ni mfupi, alitengenezewa njia iliyoinuliwa ya kutembelea ili alingane na Thor.

Namna ya kuitazama

Usianze na hii. Ukiwa na muda wa kuangalia mbili tu kabla yake, chukua Ragnarok ujue nyundo ilivunjikaje na Valkyrie ni nani, na Avengers: Endgame ya 2019 ujue kwa nini Thor yuko na Guardians of the Galaxy, lile kundi la mashujaa wa angani, na kwa nini ufalme umeachwa kwa Valkyrie. Ile ya 2011 unaweza kuiruka, maana Korg anasimulia mapenzi ya Thor na Jane kwa dakika chache. Ukipata nafasi ya tatu, weka Infinity War ya 2018, ambako Stormbreaker inafuliwa na Heimdall anauawa. Waliofuata kwa ajili ya Guardians wasitarajie mengi, wanaondoka mapema.

Kwa wazazi: Marekani imewekwa PG-13, na kuna sababu. Mtoto anafariki kwa kiu mwanzoni kabisa, viumbe wa kivuli wanaingia vyumbani usiku na kubeba watoto, na Gorr anamkata kichwa mnyama wake wa kivuli mbele ya watoto waliofungwa. Mtoto wa chini ya miaka minane au tisa anaweza kukosa usingizi. Pia kwa Zeus kuna sehemu Thor anavuliwa nguo zote na kuonekana kwa nyuma, kwa hiyo kama mnaangalia sebuleni na wakwe, jueni mapema.

Nyumbani, zima taa na uondoe ule mtindo wa rangi kali ambao runinga nyingi hutoka nao dukani. Ukiacha, weusi wa Shadow Realm unageuka kijivu na sura ya Gorr inapotea. Kopi zilizobanwa sana ili faili liwe dogo huharibu sehemu hiyo hiyo: kwenye giza programu ya kubana hutupa tofauti ndogo za kivuli, na unabaki na vibonge vinavyocheza. Sauti nayo ina mtego wake. Bale ananong'ona, kisha zinaingia nyimbo za Guns N' Roses, nne kwa jumla, kwa sauti ya juu. Ukiongeza sauti umsikie Gorr, gitaa litawaamsha majirani. Washa manukuu na uiache sauti ya wastani. Na matoleo yenye msimulizi juu yake, yanayopendwa kwenye vibanda vya video, yanafaa sana kwa Ragnarok, ila kwa hii yanafunika minong'ono ambayo ndiyo roho ya Gorr. Ione kwanza na sauti yake yenyewe.

Majina yakianza kupanda, baki kitini. Kuna vipande viwili: cha kwanza kinamleta Hercules, mwana wa Zeus, anayeigizwa na Brett Goldstein, na cha pili, mwisho kabisa, ndicho cha Jane na Heimdall. Ukizima baada ya cha kwanza utakuwa umeukosa mwisho wa hadithi ya Jane.

Anayetaka Gorr kamili, yale matoleo 11 ya Thor: God of Thunder yamekusanywa kwenye juzuu mbili, The God Butcher na Godbomb. Anza na la kwanza, na usiruke toleo la sita, maana ndilo linaloeleza Gorr alivyofikia kumchukia mungu wake.